Walimu Wenye Cheti cha Kilovari

Mgeni alipouliza swali lake, walimu wa shule ya msingi ya Berekalja walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walilichekea jambo la nyumbani walilokwisha kulizoea, na mgeni, mwalimu wa makamo kutoka Uswidi aitwaye Gunvor Ekblad, naye akacheka kwa adabu, bila kujua anachokichekea.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Alitaka kila mwalimu amwambie alisoma lugha gani ya kigeni, kisha amfundishe sentensi moja tu ya lugha hiyo. Mama huyu alikuwa akizunguka Ulaya kulinganisha jinsi shule za nchi mbalimbali zinavyofundisha lugha za watu wengine, na kila alikokwenda alianzia hapo. Uholanzi, alisimulia, hata mwalimu wa hesabu alimmwagia Kiingereza kibovukibovu bila kuona haya. Italia mwalimu alisimama wima akakariri, kama anavyowakaririsha wanafunzi wake mbele ya meza. Uhungari ndiyo ilikuwa bado inamtatiza. Vitabu vya sarufi vya hapa ni vinene kuliko vya nchi zote alizopita, na wanafunzi wanazijua kanuni mpaka zile zinazomtoa jasho yeye mwenyewe, lakini ukimwuliza mmoja wao njia ya kwenda stesheni anatazama viatu vyake.

"Mhungari hakosei," Gellért akaongeza la kwake, "kwa sababu hafungui mdomo."

Gellért alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na ndiye peke yake shuleni hapo aliyeweza kuzungumza na mgeni. Wengine wote walimsikia mgeni kupitia kwake. Mkuu wa shule, Bwana Ödön, alijibu wa kwanza: yeye alisomeshwa Kirusi kwa nguvu na akakisahau kwa moyo wake wote. Akafuata mwalimu wa hesabu: Kilovari. Mwalimu wa muziki: Kilovari. Mwalimu wa michezo: Kilovari. Na Hajnalka Vadász, mwalimu wa darasa la kwanza, naye akasema Kilovari. Hapo ndipo kicheko kilipowatoka.

Kucheka kwao kulikuwa na asili yake. Siku za masomo yao sheria ilisema hupewi shahada mpaka uwe na cheti cha lugha ya kigeni. Hajnalka alikuwa amesoma Kijerumani tangu utoto hadi alipokuwa mwanamke mzima. Majedwali ya sarufi angeweza kukutajia akiwa amelala, lakini siku aliyofika Vienna alisimama mbele ya muuza mikate akanyoosha kidole kama bubu. Mtihani alianguka, akarudia, akaanguka tena, na shahada yake ikaendelea kulala kwenye droo ya chuo. Ndipo rafiki yake akamnong'oneza kitu ambacho Uhungari nzima ilikuwa ikinong'onezana: kuna Kilovari, Kiroma wanachokizungumza baadhi ya Waroma, au Wajipsi, wa hapahapa. Serikali inaitambua sawasawa na Kijerumani. Maneno yake ya mtihani ni machache, na mada zinajulikana.

Akaenda kujiandikisha kwenye chumba kimoja mjini, juu ya duka la viatu. Aliyefundisha hakuwa Mroma, na kati ya wanafunzi hakuwapo Mroma hata mmoja. Walikariri mada: familia yangu, nyumba yangu, kwa daktari, majira ya mwaka. Hajnalka akafaulu, akaichukua shahada yake, na Kilovari akakiacha palepale juu ya duka la viatu. Hakuna aliyedanganya wala kuiba. Ulikuwa ujanja wa mnyonge aliyeipiga chenga sheria, na katika nchi ile mtu hujisifia ujanja wa namna hiyo mbele ya wageni.

Mgeni akaacha kucheka. Akaweka mkono kifuani na macho yake yakalengwa na machozi, na Gellért, ambaye kwa kawaida hutafsiri kwa haraka ya mtu mwenye treni ya kuwahi, akaanza kusema polepole.

"Anasema kwao Uswidi mtoto mwenye lugha nyingine nyumbani ana haki ya kufundishwa lugha hiyo shuleni. Anasema mji wake ulimtafuta mwalimu wa Kiroma miaka na miaka, wasimpate." Gellért akameza mate. "Sasa hapa mko wanne katika shule moja. Anasema nchi zote alizopita hajaona watoto wenye bahati kama hawa."

Zaidi ya nusu ya darasa la kwanza la Berekalja walikuwa Waroma, na wale wanaoishi ng'ambo ya kiwanda cha matofali walizungumza Kilovari nyumbani asubuhi, mchana na jioni. Kila mtu pale ndani alilijua hilo. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuyaweka mambo hayo mawili, cheti na watoto, katika sentensi moja, na sasa amekuja mgeni wa mbali ameyaweka pamoja huku akitabasamu. Hajnalka alihisi amemwagiwa ndoo ya maji ya kisima mgongoni.

Bwana Ödön akasukuma mbele sahani ya skonzi za chumvi, mgeni asizione. Mgeni alitaka kuona watoto hao wakifundishwa, alisema. Anaomba aingie darasani asikilize. Na Bwana Ödön, mtu ambaye ni heri ang'olewe jino kuliko kumnyima kitu mgeni kutoka nje, akasema kwamba Mwalimu Hajnalka atafurahi sana kumwonyesha.

Njiani koridoni Hajnalka alimshika Gellért mkono wa koti. "Mwambie nina homa," akamwambia.

"Dada Hajni, amekuona sasa hivi ukila skonzi tatu."

Basi wakaingia. Watoto wakasimama wakaamkia, wote isipokuwa mmoja wa dawati la nyuma, ambaye alisimama lakini midomo yake haikutikisika. Huyo aliitwa Ramóna Rostás. Alilelewa na bibi yake, Terka, huko ng'ambo ya kiwanda cha matofali, na tangu shule zifunguliwe Septemba mpaka sasa theluji inayeyuka hakuwa ametamka neno darasani. Ijumaa ya wiki ile ile alitakiwa mjini mbele ya jopo la wataalamu, liamue kama atahamishiwa shule maalumu ya watoto wenye akili nzito. Anayekwenda kule harudi, wala huko mbele hapati kazi ya maana. Ripoti iliyompeleka mbele ya jopo aliiandika Hajnalka, na neno lililobeba uzito lilikuwa hili: mtoto hana lugha. Aliliandika kwa uchungu. Hakuwa mwanamke mkatili, watoto wa darasa lake aliwanunulia glavu za baridi na kuwamenyea matufaha kwa kisu chake mwenyewe.

Mgeni akakaa kwenye kiti kidogo karibu na dirisha, magoti juu, akangoja.

Hajnalka alipapasa kichwani mwake kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kilichopatikana kilikuwa mada ya pili ya mtihani. Akafungua mdomo na kusema kwa Kilovari, kwa sauti ileile aliyoitumia mbele ya watahini, kwamba anakaa ghorofa ya nne, kwamba nyumba yao ina vyumba viwili na jiko lenye mwanga, na kwamba kuna lifti. Kumbe alikaa nyumba ya chini yenye banda la kuku, lakini ya mtihani ndiyo ilikuwa na lifti.

Kalamu zikasimama. Szimona, msichana wa dawati la mbele mwenye mdomo mwepesi, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mtoto mmoja alicheka kidogo kisha akaogopa. Walikuwa wakimtazama mwalimu wao kana kwamba paka wa nyumbani ameketi mezani akaomba chumvi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Hajnalka hakuijua. Ilikuwa nzito kidogo, ya kukwaruza, nayo ilikwenda mbio. Ramóna alikuwa amesimama akisema, akisema tu, mikono nayo ikisema, akionyesha mlango, akijionyesha mdomo, akimwonyesha mwalimu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huu ulimkuta Hajnalka amesimama na tabasamu la mtahiniwa usoni, akingoja alielewe hata neno moja. Alipata moja, "bibi". Mengine yote yalimpita.

Mgeni akamgeukia, uso umemng'aa, akitaka kuambiwa mtoto amesema nini. Hajnalka akainama kwa Szimona na kumwuliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, si umesema mwenyewe sasa hivi?" Szimona akashangaa. "Si unajua?"

"Niambie wewe, mwanangu."

"Anasema siku ya kwanza alikusalimia, ukamwekea kidole mdomoni ukamwambia hapana, hapa hatusemi hivyo. Akaenda kumwambia bibi yake. Bibi yake akamwambia mtii mwalimu. Basi akawa anakutii." Szimona akamgeukia mwenzake, akauliza kitu, akajibiwa. "Anauliza, sasa imeruhusiwa? Na anauliza lifti ni nini."

Hajnalka alishika ukingo wa meza. Kidole hicho hakukikumbuka. Alikiweka kwenye midomo mingi kila Septemba, kwa upole kabisa, akiwaambia hapa tunasema vizuri, na wengi walikuwa na Kihungari cha kuokoteza mahali pengine wakaendelea na maisha. Huyu hakuwa nacho. Huyu alinyamaza miezi yote hiyo kwa utiifu, na utiifu wake ukaandikiwa ripoti kuwa ni ugonjwa.

"Imeruhusiwa," alisema kwa Kihungari, na Szimona akatafsiri.

Koridoni Gellért alimweleza mgeni yote, maana hakuna tena kilichokuwa cha kufichwa, mpaka habari ya Ijumaa na ile shule maalumu. Gunvor hakupaza sauti. Rangi ilimtoka usoni, akaegemea ukuta wenye michoro ya watoto, kisha akauliza swali fupi. Gellért hakulitafsiri. Hajnalka alilielewa hivyohivyo: mgeni aliuliza ripoti hiyo aliiandika nani.

Bwana Ödön hakutaka kusikia habari ya kuirudisha ripoti. Alimkalisha Hajnalka ofisini kwake, akamimina palinka, pombe yao kali ya matunda, vikombe viwili ingawa ilikuwa mchana, akazungumza naye kama kaka. Karatasi imeshakwenda mjini. Jopo litaamua lenyewe, wale ni wataalamu, kazi ya mwalimu imekwisha. Na afikirie kidogo. Akisimama mbele yao aseme mtoto ana lugha, wataitaka lugha gani. Akisema Kilovari, watafungua jalada lake waone cheti.

"Watakuuliza miezi yote hiyo ulikuwa unafanya nini," akasema. "Kisha watatuuliza sisi sote. Wanne, Hajni. Shule nzima itachekwa mpaka Budapest."

"Na mtoto?"

Bwana Ödön akanywa palinka yake. "Mtoto atazoea. Wanazoea wale."

Angesema jambo lingine lolote, pengine Hajnalka angebaki kwenye kile kiti, kwa kuwa alikuwa mwoga na alijijua. Jina la mwalimu kijijini ndilo mali yake yote. Lakini neno lile la kuzoea lilimchoma, kwa sababu jana tu lingeweza kutoka mdomoni mwake yeye. Akakiacha kikombe chake kimejaa akavaa koti.

Ng'ambo ya kiwanda cha matofali hakuwahi kuvuka kwa miguu yake. Terka alikuwa jikoni akichemsha kabichi, mwanamke mrefu mwenye sketi ya maua na kitambaa kichwani, na alipomwona mwalimu mlangoni uso wake ulijifunga. Mwalimu hafiki huku na habari njema. Alimpa kiti hata hivyo, na kahawa tamu kupita kiasi, kisha akasubiri.

Hajnalka alisema yote. Mficha uchi hazai, na yeye alifunua wa kwake wote mezani, ripoti, kidole, cheti, ghorofa ya nne. Alipofika kwenye cheti Terka alicheka, kicheko kisicho na furaha.

"Hayo nayajua siku nyingi, mwalimu. Walikuwa wakija hapa vijana wa mjini na vinasa sauti. Bibi zungumza kidogo, tusikie. Nikawauliza, mnataka kuoa kwetu? Wakasema hapana bibi, tunataka shahada."

"Ulijua kwamba mimi pia ninacho?"

"Wewe sikukujua. Nilidhani wewe ungetusemesha." Terka alikoroga kabichi, akafunika sufuria. "Mwanangu wa kiume walimtoa shule kwa lugha hii. Wewe umeingia shule kwa lugha hiihii. Ni ileile, mwalimu, haina nyingine."

Hajnalka alihisi aibu ya kweli, ile inayochoma masikioni. Aliomba jambo moja, kwamba Ijumaa Terka aje na mtoto na aingie naye mpaka ndani. Terka akamwambia kule ndani wanaingia wenye karatasi, yeye huketishwa koridoni. Hajnalka akasema safari hii hataketi koridoni, na alijishangaa kuisikia sauti yake inavyosema hivyo.

Ijumaa jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa mvi aliyechoka, kulia kwake mwanasaikolojia kijana aliyesuka nywele, kushoto karani wa kuandika. Terka aliruhusiwa kiti karibu na mlango. Ramóna, katika gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, aliwekewa mbele yake picha ya soko, akaulizwa kwa Kihungari anaona nini. Aliitazama picha, akamtazama bibi yake, akakaa kimya. Karani akaandika.

Hajnalka akasimama. Alisema ripoti aliyoiandika si ya kweli. Mtoto huyu anasema, na anasema sana. Anasema Kilovari.

Mwenyekiti akavua miwani. Alisema, bila hasira, kwamba kanuni zao zinajulikana. Mtoto akihojiwa kwa lugha nyingine lazima awepo mkalimani mwenye cheti kinachotambuliwa na serikali. Ndugu wa mtoto hakubaliki. Mkalimani asipopatikana leo, jopo halina njia ila kuifuata ripoti iliyopo.

"Cheti ninacho mimi," Hajnalka akasema.

Chumba kizima kikashusha pumzi. Karani akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la mkalimani, na mwenyekiti akavaa miwani yake tena kwa nafuu ya mtu atakayewahi chakula cha mchana. "Vizuri sana. Basi mwulize anaona nini."

Hajnalka akageuka mlangoni. "Mama Terka, tafadhali mwulize wewe."

"Nimesema mwenye cheti," mwenyekiti akakumbusha.

"Cheti ninacho mimi, bwana, lugha anayo yeye. Mimi sielewi hata neno. Nilikariri nikapata shahada, na kwa shahada hiyo nikaandika kwamba mtoto huyu hana lugha. Kama mnahitaji sahihi ya mwenye karatasi nitaitia. Lakini anayejua asemeje na mtoto ni bibi yake."

Kalamu ya karani ilibaki hewani. Hajnalka alingoja afukuzwe, na badala yake alimwona yule mwanasaikolojia kijana akiwa mwekundu shingoni, macho mezani.

"Mimi pia ninacho," binti yule akasema.

"Unacho nini?" mwenyekiti akamwuliza.

"Cha Kilovari. Bila hicho nisingemaliza chuo."

Mwenyekiti alimtazama, akamtazama Hajnalka, akaitazama picha ya soko. Kisha akamgeukia karani, na karani naye akapata jambo la kutafuta chini ya meza. Watu watatu wenye muhuri wa serikali walikuwa wameketi mbele ya mtoto wa miaka saba, na mtu pekee aliyeweza kumsalimia alikuwa bibi mwenye sketi ya maua, asiyeruhusiwa. Mwenyekiti alizeeka kidogo pale pale. Alivuta kiti akakisogeza mezani kwa mkono wake mwenyewe.

"Karibu hapa, mama," akamwambia Terka.

Ramóna aliizungumzia picha ile mpaka ikaisha. Alisema muuza samaki anaibia watu kwa sababu kidole chake kiko kwenye mizani. Alisema mwanamke mwenye kofia anamtafuta mtoto wake, na mtoto mwenyewe yuko nyuma ya mapipa, wao hawamwoni? Mwanasaikolojia akainama juu ya picha aliyoitumia kuwapimia watoto miaka yote ya kazi yake, akamwona kwa mara ya kwanza mtoto nyuma ya mapipa. Wakamhesabisha, akahesabu. Wakampa vibao vya kupanga, akapanga, kisha akavivuruga akavipanga kwa namna nyingine aliyoiona nzuri zaidi. Terka alitafsiri kwa Kihungari kilichonyooka, bila kumwongezea mjukuu wake sifa yoyote. Haikuhitajika.

Uamuzi ulitolewa hapohapo. Mtoto ni mzima, arudi darasani kwake Berekalja. Habari ya mwalimu, mwenyekiti alisema akiwa haangalii mtu, itabidi ipelekwe wilayani. Hajnalka akasema sawa. Alijua maana yake, atachekwa, ataitwa kujieleza, huenda darasa la kwanza akapewa mwingine. Lakini alipotoka kwenye ngazi za jengo lile, Ramóna akiruka ngazi mbilimbili mbele yake, alikuwa mwepesi. Alikuwa na furaha. Alijiambia kosa lilikuwepo na amelisahihisha, na si kila mtu hupata nafasi hiyo.

Njia ya kwenda kituo cha basi ilipita kando ya uzio mrefu wa waya. Ndani yake kulikuwa na uwanja, na uwanjani watoto walikuwa katika mapumziko, wakirushiana mpira, wakigombana, wakitaniana, wakihesabu zamu za kamba, na walifanya hayo yote kwa Kilovari. Hajnalka alipunguza mwendo. Hakuelewa maneno, ila mlio wake sasa aliujua. Akainua macho akasoma kibao cha lango. Ilikuwa ile shule maalumu.

"Shikamoo, Mwalimu Hajni."

Msichana mkubwa alikuwa amekuja kwenye uzio, mrefu, nywele amezifunga nyuma. Kihungari chake kilikuwa safi, kila neno mahali pake. Ilimchukua Hajnalka muda kumtambua, kisha alimtambua, na ile furaha yote ikamtoka. Alikuwa Bernadett. Alimfundisha miaka ile ya mwanzo ya kazi, mtoto mkimya wa dawati la nyuma, na alimwandikia ripoti kama ile. Nyuma ya Bernadett, kwenye benchi chini ya ukuta, uso mwingine ulimgeukia, na mwingine, na majina yao yalimjia moja baada ya jingine bila yeye kuyatafuta, kwa kuwa wote alikuwa amewaandikia kwa mkono wake.

Bernadett alichuchumaa akamwambia Ramóna kitu kwa Kilovari kupitia waya, na Ramóna akacheka na kumjibu. Terka alikuwa amesimama hatua chache nyuma, hakuingilia. Msichana akainuka, akamtazama tena mwalimu wake wa zamani, usoni hana kisirani wala kejeli, ana adabu tu aliyofundishwa.

"Umemleta mwingine, mwalimu?" akauliza.

Na wale wa kwenye benchi, walipoona mwalimu hajibu, walikuwa wameshaanza kusogeleana kumpa mtoto nafasi ya kukaa.